Mdiria Aliyezidi Buluu

7 Novemba 1993, Dominika

Mvua ya kwanza ya maana imetukuta leo mlangoni mwa kanisa. Wengine wamerudi ndani, wengine wamekimbia na viatu mkononi. Papa, baba yangu, amesimama pale pale kwenye ngazi, uso juu, akisema hewa sasa imeoshwa na foto zitatoka vizuri. Nilikuwa sijamsikia akitaja foto kwa furaha tangu Georges, msaidizi wake wa studio, alipoondoka.

Sababu ni Masere Gertrude, mtawa na mkuu wa shule ya wasichana. Alimngoja Papa baada ya misa. Darasa lake la biolojia liliporwa wakati wa uporaji wa askari: darubini, mifupa, hata picha za ndege zilizokuwa ukutani. Zilikuwa za ndege wa Ulaya, anasema, kwa hiyo yeye hazililii sana. Anataka ndege kumi na wawili wa hapa hapa Likasi, foto kubwa, zenye rangi, kabla ya Pasaka.

"Watoto wangu wanajua ndege wa Ubelgiji kwa majina," alisema. "Yule anayewaamsha dirishani hawamjui."

Filimu ya rangi haionekani tena mjini, na ile maabara ya Lubumbashi iliyokuwa ikitusafishia imefunga. Papa akasema si kitu: tutapiga nyeusi na nyeupe, halafu atatia rangi kwa mkono, kama alivyokuwa akiwatia rangi maharusi wa mtaa wa Panda tangu nilipokuwa sijazaliwa. Masere ana karatasi za foto. Alizificha chini ya altare uporaji ulipoanza. Kazi ikimpendeza, atatutaja kwa wakuu wa shule nyingine. Isipompendeza, studio yetu ya foto tutaifunga. Hilo Papa hakulisema mbele ya Masere. Aliniambia njiani, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mawingu.

Naandika kwa sababu masomo yangu ya Lubumbashi yamesimama tena, na sioni lini yataanza. Mkono usioandika unakuwa mzito.

11 Novemba

Umeme hakuna tangu juzi.

13 Novemba

Tumekwenda kwenye shimo la zamani la machimbo, nyuma ya Kamatanda. Maji yamelijaza miaka mingi, matete yamelizunguka, na ndege wako huko kama soko. Papa alibeba kamera mpaka ukingoni, ile yenye lensi ndefu, halafu akanipa mimi.

"Piga weye. Macho ya kijana njo mazuri."

Nilidhani ananiheshimu. Nilipiga filimu nzima kwa haraka, nimesimama, ndege wakiruka kila nilipoinua mkono.

14 Novemba

Umeme umerudi saa nne asubuhi, tukaingia chumba cha giza. Aibu. Korongo ni kijiti, keremkerem ni nukta, na kwera niliyemfurahia sana anafanana na nzi aliyetua ukutani. Nikamwambia Papa tuinue mashine ya kukuzia, tumkate kwera peke yake, tuache majani yote nje. Akainua bila kubisha. Kwera akawa mkubwa, na akawa mchanga: punje nyeusi na punje nyeupe, hana hata mdomo.

"Unaona?" Papa akasema gizani. "Kukata inaondoa bile haifai. Haileti kile hukukamata."

20 Novemba

Nimelala matopeni asubuhi nzima. Papa aliketi nyuma yangu juu ya debe lililopinduliwa, akinong'ona.

"Siku ile ulikuwa unasimama juu yao kama polisi. Ndeke haipendi muntu anamuangalia toka juu. Lala. Tia viwiko chini. Sasa ngoja."

Nikangoja mpaka siafu wakanipata. Nilipojaribu kuinuka, Papa akaniwekea mkono mgongoni. Hapo ndipo korongo mmoja akaja mwenyewe, akitembea taratibu, akasimama karibu kiasi kwamba niliona maji yakidondoka kwenye mdomo wake. Kutoka pale chini kila kitu kilikuwa kingine. Matete ya ng'ambo yalikwenda mbali, yakawa laini kama moshi, na korongo akabaki peke yake, jicho lake sawa na langu. Nikapiga mara moja. Nikapiga tena.

Kicheko kikatoka nyuma yetu. Alikuwa Evariste, jirani yetu, aliyekuwa akiunganisha vyuma kiwandani mpaka mishahara ilipoacha kuja. Siku hizi anatega ndege kwa ulimbo.

"Papa Léon, mutoto yako anafanya nini mu matope? Alianguka?"

"Anatumika," Papa akajibu.

"Kazi gani?"

"Anapiga ndeke foto."

Evariste akaweka chini mfuko wake ili acheke vizuri. "Siye tunatafuta ndeke ya kutia mu chungu, ninyi munatafuta ya kutia ku ukuta!"

Nilikasirika. Papa hakukasirika. Alimuuliza mitego yake iko upande gani, ili tusimharibie.

25 Novemba

Mvua kutwa.

26 Novemba

Mvua. Mama Martine, mdogo wa marehemu mama yangu, ameleta maharage. Anasema nguo zangu za matope azifue nani.

3 Desemba

Tumegombana leo, Papa na mimi, juu ya korongo.

Papa ana vipande viwili vya katoni vilivyokatwa kama kona. Unavisogeza juu ya foto, kimoja huku, kingine kule, mpaka upate mpaka unaokupendeza, halafu ndipo unakata. Nimevicheza siku mbili. Nimejifunza kuacha nafasi mbele ya macho ya ndege na kubana nyuma ya mkia, maana ndege anayetazama ukingo wa karatasi anaonekana kama amefungiwa. Nimejifunza kutomkata miguu majini.

Lakini kwenye foto ya korongo, kule nyuma kabisa, kuna bomba la moshi la kiwanda. Nikalikata. Papa akasogeza katoni, bomba likarudi.

"Masere anataka ndege, Papa, hataki kiwanda."

"Ile ndeke inaikala wapi?"

"Majini."

"Inaikala Likasi. Muache na bomba yake."

Nikasema Masere atadhani hatujui kazi. Akasema nikate basi, mimi ndiye mwenye mikono. Nikakata. Saa hizi naitazama: ni foto nzuri, na ingeweza kuwa ya mahali popote duniani. Kesho nitaikuza upya, na bomba lake.

7 Desemba

Nimempata mdiria! Yule mdogo mwenye kishungi, juu ya tete lililopinda, samaki mdomoni. Nilikuwa nimezama mpaka kifuani na kamera kichwani. Jua lilikuwa mgongoni kwangu. Papa, alipoona filimu ikining'inia, aliishika kwenye kingo kwa vidole viwili, akaisogeza karibu sana na uso wake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Ananiangalia?" aliuliza.

"Anakuangalia, Papa."

11 Desemba

Papa ameanza rangi. Nimeacha kila kitu nikae nimtazame.

Ana vichupa vidogo vya rangi ya maji, vingine vya zamani kuliko mimi. Anazungushia pamba kwenye njiti, anaichovya, anaifuta kwenye kitambaa mpaka inakuwa karibu kavu, halafu anapitisha juu ya foto iliyolowa kidogo, mara nyingi, kila mara kidogo sana. Huoni rangi ikiingia. Unaona tu kwamba kijivu kimeanza kupata joto. Jioni kifua cha keremkerem kilikuwa chekundu kama cha kweli. Nilimwambia hivyo. Alitabasamu bila kuinua kichwa.

16 Desemba

Foto mbili, ya ndege chozi na ya mdiria, zimekauka mezani. Mdiria amekuwa buluu mno. Mgongo, kishungi, mpaka kivuli chake majini, vyote buluu ya ndoo ya plastiki. Nilisema labda ndiyo mtindo wa zamani. Papa anasema bado kidogo, ataongeza kesho.

18 Desemba

Mama Martine aliingia studio kuniletea chumvi, akaiona foto.

"Nani alimuvalisha huyu ndeke uniforme?"

Nikamkanyaga mguu kwa sababu Papa alikuwa chumba cha pili. Tulipotoka nje akaniambia polepole, kwa namna asiyoizoea: "Carmel, Papa yako haone muzuri. Tangu musimu ya kiangazi naangalia. Chai anamimina mpaka anasikia moto ku kidole. Ku misa anavaa kiatu moja nyeusi, moja ya kahawia."

"Ni uzee."

"Uzee ao haiko uzee, haone. Nani atamwambia? Weye ao Masere?"

 Nilikuwa nakumbuka filimu ikisogezwa karibu na uso. Nilikuwa nakumbuka "macho ya kijana."

19 Desemba

Papa alikwenda kumtazama mgonjwa. Nilichukua mdiria, nikamlaza kwenye maji yenye matone ya amonia. Buluu ikatoka kama moshi. Nikamtia rangi upya, kidogo, kwa njiti ile ile. Nikamrudisha pale pale mezani, kama mwizi.

20 Desemba

Papa ameichukua foto asubuhi, ameipeleka mlangoni penye mwanga. "Hii dawa imekufa," akasema. "Jana ilikuwa buluu, leo imekuwa majivu." Akaongeza buluu.

Mchana nikaitoa.

22 Desemba

Akaongeza. Nikaitoa.

25 Desemba

Noeli. Tulikula sungura wa Mama Martine. Hakuna aliyezungumza juu ya ndege.

29 Desemba

Chozi naye. Kwera wawili. Sasa kila asubuhi Papa anatia, kila alasiri anapolala mimi naosha. Anasema rangi za siku hizi hazishiki, dunia yote haishiki. Mimi naitikia. Ndiyo Papa. Ni mbaya sana jinsi ulivyo mwepesi, huu uongo. Mwanzoni nilijiambia namhurumia. Leo nimejikuta nimeudhika kwamba amechelewa kulala.

5 Januari 1994

Karatasi ya mdiria imeanza kuchoka. Inakwaruza chini ya pamba.

9 Januari

Mvua imeingia chumba cha giza na kuharibu karatasi zote zilizokuwa rafu ya chini, na filimu ya mdiria pamoja nazo. Zilizobaki zinawatosha ndege ambao hatujawakuza na chache za kurudia, basi. Mdiria hana nyingine.

17 Januari

Nataka kuandika mambo ya leo kama yalivyokuwa, kabla sijaanza kuyatengeneza.

Asubuhi Papa alikuwa amemtia mdiria buluu yake, akamwacha mezani akauke. Nilikuwa nafagia. Evariste akaingia, kofia mkononi, na kwenye kofia kuna mdiria mwenyewe, amekufa, gundi ya ulimbo imemshika bawa moja.

"Alinasa usiku. Sikumutaka," akasema. "Nyama yake haiwezi hata kujaza jino. Nikasema mi nimuletee Papa Léon, atamusaidia ku rangi."

Papa alifurahi kama mtoto. Akamchukua ndege kwa mkono wa kushoto, foto kwa mkono wa kulia, akatoka navyo kizingitini. Jua lilikuwa limetoka kati ya mawingu mawili. Akaviweka sambamba, akavisogeza karibu na macho, akavisogeza mbali.

"Kuya uone, Carmel. Sawasawa. Ni moja."

Nilikuja. Yule aliyekufa alikuwa na mgongo wa buluu nyeupe inayong'aa katikati tu, kama maji yanayopita juu ya jiwe, na mabawa yaliyokuwa karibu meusi. Kifua chake kilikuwa kama matofali mapya. Wa kwenye karatasi alikuwa ndoo.

 Evariste, ambaye hakujua lolote, akainama akatazama.

"Hapana, Papa Léon. Ile ya karatasi ulizidisha. Huyu haiko buluu vile. Huyu, ukimugeuza, inakimbia. Ile yako imesimama tu."

Papa akacheka. "Weye uko unajua ulimbo, hujui rangi." Halafu akaniuliza, bado anacheka: "Carmel?"

Nilipaswa kusema. Kinywa changu kilikuwa wazi. Wakati nikitafuta neno, kidole gumba cha Papa kilikuwa kikipita juu ya foto, anavyofanya siku zote, kuona kama imekauka. Kikafika mgongoni kwa mdiria na kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena, polepole. Nilijua kimekuta nini. Ngozi ya karatasi pale ilikuwa imeinuka vinyweleo, na chini ya kucha yake kipande kidogo kikabanduka, nyeupe.

"Hii karatasi imeoshwa," Papa akasema.

Evariste akaangalia nje.

"Nani aliosha?"

"Mimi, Papa."

"Mara moja?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Noeli."

 Sikuweza kumtazama usoni, nikamtazama ndege mkononi mwake.

"Na ingine?"

"Chozi. Kwera. Wale wengine pia."

"Na mama yako Martine anajua?"

"Anajua."

"Naye huyu?" Akamwelekezea Evariste kidevu.

"Mimi sijui kitu, Papa Léon, Mungu ni shahidi," Evariste akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Papa akamrudishia ndege wake ndani ya kofia, akamshukuru. Akaweka foto mezani, akainyoosha ukingo. Akavua ile blauzi, koti la kazi analovaa studio tangu nikiwa mdogo, akaitundika msumarini kwa kuupapasa kwanza, akatoka. Nilimwona akivuka barabara katikati ya madimbwi, wima, bila kugeuka.

18 Januari

Hakuja studio.

19 Januari

Hakuja. Anakula, anasali, anakaa barazani. Akiulizwa anajibu. Hajanilaumu. Ingekuwa heri anilaumu.

22 Januari

Nimejaribu kumtia rangi keremkerem peke yangu, bila kuficha. Amekuwa kama amevaa koti lililokodishwa. Sijui kazi hii. Nilikuwa najua kutoa tu.

24 Januari

Mama Martine anasema nimpigie Papa magoti. Nimempigia. Ameniinua na kusema sakafu ni baridi.

26 Januari

Mvua imenyesha kwa nguvu kiasi kwamba barazani ilitubidi kusogeza viti mpaka ukutani. Bati lilipiga kelele, na mvua ilipolegea Papa akaanza, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Naona kama niko ndani ya chupa ya bia. Bintu yote iko na rangi ya chupa. Tangu mwaka jana. Mwanzo kidogo, sasa zaidi. Buluu njo inapotea ya kwanza."

"Kwa nini hukuniambia, Papa?"

"Nilikuwa na Georges."

Sikuelewa. Georges alikuwa akishika kaunta. Alizaliwa hapa Likasi kama mimi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na mwaka jana aliambiwa kwamba hapa si kwao. Alikaa wiki nyingi kituoni na mke na watoto, chini ya turubai, kabla ya kupata nafasi kwenye treni. Papa alikuwa akiwapelekea unga. Hatujasikia habari zao tangu hapo.

"Georges alijua," Papa akasema. "Alijua mbele ya minye mwenyewe kujua. Siku moja akasimama hapa, akaniambia: patron, umezidisha. Basi. Hakuosha kitu. Kila asubuhi ananiambia: patron, ongeza, patron, punguza. Minye naongeza, minye napunguza. Foto inatoka muzuri, na minye niko photographe. Unasikia? Yeye alinipatia macho, hakuninyanganya mikono."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka batini, moja moja.

"Weye uliniacha nafanya kazi ya bure kila asubuhi. Nikisema dawa imekufa, unasema ndiyo Papa. Ulinifunika blanketi kama mutoto anasinzia."

"Niliogopa kukuumiza."

"Uliniumiza."

Nikalia. Hakuninyamazisha, wala hakuondoka. Nilipomaliza akauliza kama mdiria alitupwa. Nikasema hapana, yuko mezani pale pale alipomwacha. Akasema vizuri, lakini karatasi ile haifai tena, tutampiga mwingine.

29 Januari

Amevaa blauzi yake. Sharti moja: nisimwambie ndiyo kama si ndiyo.

2 Februari

Nilidhani tutarudi kwenye desturi ya Georges, Papa atie na mimi niseme. Tumejaribu. Haiwezekani tena, macho yamezidi kufifia. Alitia kijani akidhani ameshika kichupa cha buluu, kwa sababu lebo zimefutika. Nikamwambia. Akakaa na njiti mkononi, kisha akanipa.

"Bon. Basi ikala hapa."

Akaketi nyuma yangu, kama kule matopeni.

9 Februari

Anashika kifundo cha mkono wangu na kujua. Pamba ikiwa na maji mengi, anajua. Nikibonyeza, anajua. Rangi yenyewe haioni, lakini mwendo wake anausikia. "Unaenda haraka. Weye uko unapaka mulango." Jicho la ndege haruhusu niliguse kabisa: ile nukta nyeupe ndani ya jicho ibaki kama ilivyotoka kwenye filimu, hata kama kila kitu kingine kitakosewa.

Kazi ya mwanga wa taa ameikataza. Tunatia rangi mchana, karibu na mlango, tunangoja ikauke, tunatazama tena kesho yake.

14 Februari

Keremkerem kwa mara ya tatu. Huyu anaweza kupita.

17 Februari

Mvua, halafu jua, halafu mvua.

20 Februari

Shimoni, kumtafuta mdiria mwingine. Filimu ilikuwa ile ya mwisho. Papa alitaka kuja, na njia inateleza. Evariste akatangulia, Papa katikati, mimi nyuma. Evariste ameondoa ulimbo wake upande wote wa mashariki, hakusema kwa nini. Nilijikuta namsemesha kama mtu wa nyumbani. Nilivyokuwa nikimdharau Novemba, sijui nilidhani mimi nakula nini, kama si ndege hao hao.

Mdiria alikuja mara moja, akatua juu ya nguzo iliyooza, amenipa ubavu. Nikataka kupiga. Papa, ambaye hakuweza kumwona, akanong'ona, "Ngoja ageuke." Sijui alijuaje kwamba hajageuka, labda kwa pumzi yangu. Nikangoja. Akageuka.

1 Machi

Wamekamilika kumi na mmoja. Mdiria bado ananishinda mgongoni. Evariste alisema kweli: ile buluu inakimbia.

4 Machi

Nimeelewa. Nisitie buluu mgongo mzima. Nitie mstari mmoja katikati, karatasi nyeupe ionekane chini yake, na pembeni niache kijivu cha foto kifanye kazi. Buluu yenyewe ni kidogo sana. Nilimweleza Papa nilichofanya, kipande kwa kipande. Aliniuliza maswali mengi, mengine makali. Mwisho akasema, "Usiguse tena."

11 Machi

Tumepeleka. Papa aliomba tuvae nguo za Dominika. Viatu nilimpangia mimi, vyote vyeusi, naye akasema asante bila kuona haya.

Masere alipanga foto kwenye meza ndefu ya darasa, wasichana wamesimama ukutani kwa mistari. Alipita polepole, miwani puani. Kwera wa pili alimweka kando: vidole vya mguu nilivikata kwenye kadraji, nilipopanga mpaka wa foto, na wanafunzi wanapaswa kuvihesabu. Ana haki. Mbele ya korongo alisimama zaidi.

"Hili ni bomba la kiwanda?"

"Ndiyo, Masere," nikasema.

"Baba za nusu ya watoto hawa walifanya kazi pale," akasema, akaendelea.

Kwa mdiria aliinama mpaka miwani ikakaribia karatasi. Halafu akamgeukia Papa. "Papa Léon, mkono wako haujazeeka. Rangi hii, sijaona."

Nilingoja. Ingekuwa rahisi kwake kuinamisha kichwa, na mimi nilikuwa tayari kabisa kunyamaza. Hata nilitaka anyamaze.

"Masere, haiko mukono yangu," Papa akasema. Alisema kwa sauti ya kutosha, wasichana wote wakasikia. "Macho yangu imekufa. Buluu sioni tena hata kidogo. Foto alipiga Carmel, rangi alitia Carmel. Minye nilimufundisha."

 Masere akavua miwani yake. Msichana mmoja wa mbele, mwembamba, akainua kidole kama kwenye somo.

"Papa, kama hauone, unajua namna gani kama rangi iko ya kweli?"

Masere akataka kumkemea. Papa akamzuia kwa mkono.

"Namuuliza," akasema. "Ananijibu."

Masere amechukua kumi na mmoja na kutupa karatasi ya kumrudia kwera. Atatuandikia kwa mkuu wa shule moja upande wa Mulungwishi, anayelia pia kwamba kuta zake ni tupu. Juu ya macho ya Papa, amesema kuna daktari anayepita kwenye misheni kiangazi, anayepasua macho, si wote wanaopona. Papa amejibu tutaona, kisha akacheka mwenyewe kwa neno lake.

Tulirudi kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika na barabara imejaa watu. Kufika kwenye kona ya soko, mchana kweupe, mbele ya kila mtu anayemjua, Papa akanishika mkono akauliza kama kuna dimbwi mbele. Nikamwambia liko, kubwa, tupite kushoto.